Shauku na Wito: Kumsoma Upya Albert Schweitzer

Kila mwaka, wanapoletwa mbele yetu vijana wanaotaka kusomea uchungaji, swali la kwanza huwa lile lile: "Kwa nini unaitaka kazi hii?" Na kila mwaka jibu linalotufurahisha huwa lile lile: "Moyo wangu unawaka." Wazee wa kamati huitikia kwa vichwa, kalamu hupita juu ya karatasi, na anayefuata huitwa. Hatukumbuki kwamba tumewahi kumwuliza hata mmoja wao moto huo umewashwa na nini, wala utapata wapi kuni za miaka thelathini. Nje ya vyuo vyetu mambo hayatofautiani sana. Kijana akimwendea mwalimu au mjomba kutaka shauri juu ya masomo au kazi, siku hizi ataambiwa afuate kile anachokipenda, na mengine yatajipa. Shauri hili limeingia hata mimbarani, likavikwa kanzu, likaitwa wito.

Katika makala haya tunakusudia kulipima shauri hilo kwa kusoma sura moja ya kitabu kimoja, yaani tawasifu ya Albert Schweitzer, Aus meinem Leben und Denken, iliyotoka mwaka 1931. Sura yenyewe ni ile anayoeleza jinsi alivyoamua kuwa tabibu katika Afrika ya Ikweta. Tunayo sababu ya kuichagua. Miaka mingi iliyopita, katika mahubiri ya sikukuu ya misioni, sisi wenyewe tulimtaja Schweitzer kuwa mtu aliyewaka kwa kuipenda Afrika hata akaacha vyote. Washarika waliguswa, na sadaka ya siku ile ilikuwa nzuri. Lakini kitabu chake tulikuwa hatujakisoma. Tulipokuja kukisoma tulikuta kwamba tulichokihubiri hakimo.

Na tuanze na yale yanayojulikana. Schweitzer alizaliwa tarehe 14 Januari 1875 huko Kaysersberg katika nchi ya Alsace, mtoto wa mchungaji, akakulia katika kijiji cha Günsbach. Mwaka 1899 alipata udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Strasbourg. Baadaye alifundisha theolojia katika chuo hicho hicho, akawa mhubiri wa kanisa la Mtakatifu Nikolao, na mwaka 1903 akawekwa kuwa mkuu wa nyumba ya wanafunzi wa theolojia. Kinanda cha kanisani alikijifunza Paris kwa Charles-Marie Widor, bingwa wa wakati huo, na mwaka 1905 alitoa kwa Kifaransa kitabu kikubwa juu ya Johann Sebastian Bach. Mwaka uliofuata ukatoka uchunguzi wake wa historia ya utafiti juu ya maisha ya Yesu, ambao hata leo mwanafunzi wa Agano Jipya hawezi kuuruka.

Basi, kama kijana huyu angekuja kwa mmoja wetu kutaka shauri, nasi tukamwambia afuate kile moyo wake unachokipenda, angekwenda wapi? Jibu halina shaka. Angekwenda kwenye kinanda, kwenye vitabu, na kwenye mimbari. Vyote vitatu alivipenda kwa shauku ambayo msomaji huiona kila ukurasa, na katika vyote vitatu alikuwa na kipawa kisicho cha kawaida. Hakuna hata kimoja ambacho kingemfikisha kwenye ukingo wa mto Ogowe akifunga vidonda. Shauku yake ilielekeza Paris na Strasbourg. Kilichompeleka Lambaréné kilikuwa kitu kingine, na uzuri wa sura hii ni kwamba mwenyewe anajaribu kukieleza bila kukipamba.

Anasimulia kwamba asubuhi moja ya Pentekoste mwaka 1896, akiwa nyumbani Günsbach kwa likizo, aliamka akiwa na furaha, ndipo likamjia wazo kwamba furaha ile haikuwa haki yake tu, bali alipaswa kutoa kitu badala yake. Kabla hajainuka kitandani alikuwa ameamua: hadi atimize miaka thelathini ataishi kwa ajili ya elimu na muziki, na baada ya hapo atajitoa kwa utumishi wa moja kwa moja kwa wanadamu. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja. Msomaji na aangalie vizuri mpangilio wa mambo hapa. Kijana hajui atafanya kazi gani. Hana nchi machoni, hana ugonjwa anaotaka kuuponya, hana watu anaowaona ndotoni. Alicho nacho ni deni, na tarehe ya kuanza kulilipa.

Miaka inayofuata katika simulizi ndiyo ambayo wahubiri huiacha, nasi tuliiacha. Alijaribu kwanza kuwachukua na kuwalea watoto waliotupwa au kupuuzwa, lakini taasisi za mji hazikuwa na utaratibu wa kupokea msaada wa mtu wa kujitolea kama yeye. Hata nyumba ya yatima ya Strasbourg ilipoungua, naye akajitolea kuwapokea wavulana kadhaa, msimamizi hakumpa nafasi hata ya kumaliza maneno yake. Kisha alishughulika na watu wasio na makazi na waliotoka gerezani, akipanda ngazi za nyumba kwa baiskeli na miguu kuchunguza shida zao. Yote haya hayakuwa Afrika, wala hayakuwa na mvuto. Ndipo katika majira ya kupukutika majani ya mwaka 1904 alikuta juu ya meza yake gazeti la Chama cha Misioni cha Paris. Ndani yake Alfred Boegner, mkuu wa chama hicho, alikuwa ameandika juu ya uhaba wa watenda kazi katika misioni ya Gabon. Schweitzer anatuambia kwamba alimaliza kusoma, akaendelea na kazi yake kwa utulivu, kwa maana kutafuta kwake kulikuwa kumekwisha.

Hapo tulipohubiri sisi, tulikuwa tumeweka machozi. Kitabu kimeweka mtu anayerudi kwenye karatasi zake.

Tarehe 13 Oktoba 1905 alitumbukiza katika sanduku la posta mjini Paris barua za kuwaarifu wazazi wake na marafiki wa karibu kwamba ataanza kusomea utabibu. Widor alimkemea akimfananisha na jemadari anayetaka kushika bunduki na kwenda kupigana katika mstari wa mbele. Wengine walimwambia kwamba angeisaidia Afrika zaidi kwa kutoa mihadhara. Naye, mwalimu wa chuo kikuu, akaketi kwenye mabenchi pamoja na vijana wa mwaka wa kwanza kujifunza mifupa na mishipa, huku akiendelea kuhubiri na kupiga kinanda. Tangu siku ile ya barua hadi siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 21 Machi 1913, alipoondoka Günsbach pamoja na mkewe Helene, ilipita zaidi ya miaka saba. Shauku ya kawaida haiishi miaka saba juu ya vitabu vya kemia. Tunasema hivi kwa kuwa tumewaona wengi ambao yao haikufika Pasaka ya mwaka wa kwanza, na jambo lililoikatisha ni Kigiriki.

Ndani ya sura hiyo kuna kurasa chache ambazo kwa maoni yetu zina thamani kuliko kitabu kizima. Baada ya kujulikana kwake, vijana wengi walimwendea kutaka shauri, wakitamani nao kufanya jambo lisilo la kawaida. Schweitzer anakiri kwamba mara chache sana aliwatia moyo. Aligundua kwamba wengi wao walisukumwa na kutotulia: kazi waliyokuwa nayo haikuwaridhisha, nao walitafuta kubwa zaidi. Kipimo chake ni kwamba mtu anayeweza kuiona thamani ya kazi yoyote na kuitenda yote kwa moyo wa wajibu ndiye mwenye haki ya kujitafutia kazi ya pekee. Na anayeiendea kazi hiyo kama jambo la kawaida tu, pasipo kujiona shujaa, akiwa na shauku iliyotulia, ndiye atakayeiweza. Shauku hakuitupa, aliiwekea masharti tu. Ile inayojitazama katika kioo aliikataa, ile inayoweza kufagia sakafu akaikubali.

Sisi Walutheri tunapaswa kuisikia sauti hii kama ya nyumbani, ingawa mafundisho ya Schweitzer juu ya Kristo hatuwezi kuyafundisha darasani bila kuyapinga. Luther alikuwa na neno la Kijerumani kwa watu walioongozwa na moto wa ndani: aliwaita Schwärmer, neno linaloleta picha ya nyuki waliotoka mzingani wakizagaa hewani. Katika Makala ya Schmalkalden ya mwaka 1537 aliufuatilia ushabiki huo hadi kwa Adamu na Hawa, ambao waliliacha Neno la Mungu lililotoka nje yao wakafuata mawazo yao wenyewe. Wengi husoma maneno hayo kama ugomvi wa zamani dhidi ya Thomas Müntzer na wenzake. Yanatuhusu zaidi ya hapo. Luther anasema juu ya mtu yeyote anayechukua mwendo wa moyo wake na kuutangaza kuwa sauti ya Mungu.

Naye alikuwa na haki ya kusema, kwa kuwa maisha yake mwenyewe yalikuwa na miito miwili ya namna mbalimbali. Wa kwanza ulimpata tarehe 2 Julai 1505 karibu na Stotternheim, radi ilipompigia karibu naye akaweka nadhiri kwa Mtakatifu Anna kwamba atakuwa mtawa. Miaka kumi na sita baadaye, katika barua kwa baba yake iliyotangulia kitabu chake juu ya nadhiri za utawa, alikiri kwamba hakuwa mtawa kwa kupenda, bali alikuwa amezingirwa na hofu ya kifo cha ghafla. Baba yake alikuwa amemwonya kwamba huenda ile radi haikuwa sauti ya mbinguni. Mtu anaweza kusema kwamba hofu si shauku. Ni kweli, lakini zote mbili huzaliwa ndani, zote mbili hupiga kwa nguvu, na zote mbili hudai kutiiwa kabla hazijachunguzwa. Wito wa pili ulitoka kwa Johann von Staupitz, mkuu wake katika shirika la Waaugustino, aliyemwamuru awe mhubiri na daktari wa Maandiko. Luther alileta sababu nyingi za kukataa. Akapewa udaktari hata hivyo, tarehe 19 Oktoba 1512. Katika miaka ya mapambano, alipoulizwa amepata wapi mamlaka ya kufundisha kinyume cha wakubwa, hakuutaja moto wa moyo wake hata kidogo. Aliutaja ule udaktari aliotwishwa bila kuutaka. Kifungu cha kumi na nne cha Ungamo la Augsburg, kwamba asifundishe mtu hadharani katika kanisa asipokuwa ameitwa ipasavyo, kimesimama juu ya uzoefu wa namna hiyo.

Kwa hiyo tunamrudia Schweitzer tukiwa na swali ambalo wasifu wake hawamwulizi: nani alimwita?

Hapa ndipo sura inapokuwa dhaifu. Uamuzi wa mwaka 1896 aliufanya peke yake kitandani. Ule wa mwaka 1904 aliufanya peke yake mezani. Mpango wake, anasema, ulijulikana na rafiki mmoja tu aliyemwamini, na wengine wote walipata habari kwa posta. Pingamizi zao anazieleza kwa ustadi, lakini kama mtu anayeonyesha silaha alizomnyang'anya adui. Hakuna hata moja aliyokaa nayo usiku kucha. Aliyepinga kwa namna iliyomzuia kweli ni kamati ya misioni ya Paris. Kamati iliutilia shaka usahihi wa imani yake, naye hakukubali kuhojiwa nayo katika kikao bali aliwatembelea wajumbe mmoja mmoja. Hatimaye alikubaliwa kwa ahadi kwamba atakuwa tabibu tu, na kwamba katika mambo ya mahubiri atakuwa kimya kama samaki. Wasomaji wa siku hizi huicheka kamati hiyo. Sisi hatucheki sana. Pengine iliuliza swali lisilofaa, lakini ilikuwa mahali pake pa kuuliza, na ndiyo iliyomlazimu mtu mwenye shauku ya mimbari kwenda bila mimbari. Kule Gabon wamisionari wenyewe walimwomba ahubiri, na ahadi ikafunguliwa. Tunathubutu kusema kwamba huo ndio wito wa nje ulio wazi kuliko yote katika kitabu kizima, na anaupitia haraka.

Na watu wa Ogowe je? Katika Matendo 16:9 Paulo alimwona mtu wa Makedonia amesimama akimsihi avuke. Alikuwa mtu mwenye mdomo, mwenye neno lake. Katika sura ya Schweitzer hakuna mtu wa Gabon anayesema lolote; kuna gazeti la Paris linalosema kwa niaba yake. Uhitaji ulikuwa wa kweli, hilo hatulikani: wagonjwa walianza kumjia mara tu alipofika, na chumba chake cha kwanza cha kutibia kilikuwa banda la kuku. Lakini uhitaji uliosomwa kwa mbali humfanya mwenye kusaidia awe ndiye anayesema mwanzo na mwisho. Haishangazi kwamba katika kitabu chake cha mwaka 1921 juu ya miaka ya kwanza kule aliweza kuandika kwamba Mwafrika ni ndugu yake, ila yeye ndiye ndugu mkubwa. Mtu aliyeitwa na mwenyeji huona vigumu kumwita mwenyeji huyo mdogo wake.

Katika kitabu hicho hicho yumo Joseph, mkalimani na msaidizi wake wa kwanza. Alikuwa amefanya kazi ya upishi, akavitaja viungo vya wagonjwa kwa majina ya jikoni: paja, ubavu, sarara. Vita vya mwaka 1914 vilipokata fedha kutoka Ulaya, Schweitzer alimpunguzia mshahara, na Joseph akaacha kazi, akisema heshima yake haimruhusu kufanya kazi kwa fedha hizo. Wasomaji wengi hutabasamu hapo. Sisi tuliposoma tulisimama. Kwa nini moyo wa Schweitzer hupimwa kwa shauku, na wa Joseph hupimwa kwa mshahara? Hakuna aliyemwuliza Joseph anapenda nini. Hata Helene, aliyesomea uuguzi ili aende na mumewe, kisha akabaki Ulaya na mtoto mdogo na afya mbovu mumewe aliporudi Lambaréné mwaka 1924, anapata katika tawasifu sentensi ya shukrani kwa kukubali. Shukrani ni ya kweli, lakini ni fupi. Shauku ya mtu mmoja huwa na gharama, na si yeye tu anayeilipa.

Tusimdhulumu, hata hivyo. Kuna mahali anapotaja dhabihu tatu alizokuwa tayari kutoa alipoondoka, yaani kinanda, kazi ya kufundisha chuoni, na kujitegemea kwa fedha. Kisha anasema kwamba alitendewa kama Ibrahimu, aliyezuiwa mkono asimchinje mwanawe. Chama cha Bach cha Paris kilimpa piano yenye kanyagio za kinanda, iliyopigwa bati la zinki ndani kwa ajili ya unyevu wa nchi ya joto, akapiga Bach usiku msituni. Vyuo vikuu vilimwalika kutoa mihadhara, na vitabu na maonyesho ya muziki vikamrudishia uwezo wa kujitegemea. Kile alichokipenda kilirudi, lakini baada ya kuwekwa juu ya kuni. Kuna tofauti kubwa kati ya mtu huyu na yule anayeambiwa kwamba anachokipenda ndicho kitakachomwonyesha njia, na tofauti hiyo haielezeki kwa kijana ambaye bado hajapoteza chochote. Tumejaribu darasani. Wanaandika maneno yetu katika daftari, lakini hawayaamini, na hatuwalaumu.

Turudi kwenye kamati yetu. Mwaka mmoja aliletwa mbele yetu kijana kutoka usharika wa mbali, mlimani. Alipoulizwa kwa nini anataka kuwa mchungaji, alikaa kimya kwanza. Kisha akasema kwamba mwinjilisti wao alifariki, na kwa miaka miwili hapakuwa na mwingine. Wazee wakamwomba yeye awe anasoma mahubiri Jumapili, kisha akafundisha kipaimara, kisha akazika. "Wazee wamesema nije," akamaliza. Tulimwuliza kama yeye mwenyewe anajisikia wito. Akasema hajui, alikuwa amependa ufundi wa magari. Sisi, waandishi wa makala haya, tuliandika kwenye karatasi kwamba mwombaji hana shauku, na kamati ikakubaliana nasi. Nafasi ilikwenda kwa mwingine aliyezungumza vizuri sana.

Tulipomaliza kumsoma Schweitzer kwa makini, na kuirudia ile habari ya Staupitz, tulipendekeza kwa wenzetu kwamba swali la kwanza libadilishwe, na mwombaji aulizwe ni nani aliyemwomba, na alikuwa akifanya nini alipoombwa. Mzee mmoja wa kamati, ambaye amekuwa katika kazi hii kabla sisi hatujabarikiwa, alitujibu kwamba wapo pia wanaoombwa na wazee kwa sababu wao ni watoto wa wazee, na kwamba kwa njia hiyo ameona sharika mbili zikigawanyika. Hatukuwa na jibu. Swali kwenye fomu limebaki lilivyokuwa. Kijana yule, tumesikia, bado anasoma mahubiri Jumapili kule mlimani, na siku za kazi anatengeneza magari.